Kicheko Alichokikata Somoe

Somoe Yassini ana tabia moja iliyonikera miaka miwili mizima. Kabla hajabonyeza kitufe cha kurekodi, humtazama mtu aliye mbele yake na kumuuliza, "Wewe kwake ni nani?" Haanzi na jina, wala umri, wala kazi. Ukija kumsifu mwenyekiti wa kijiji, atakuuliza wewe kwake ni nani. Ukija kumlaani mwenye mashua aliyekata nyavu zako, vilevile. Na jibu lako halikatwi. Linakwenda hewani likiwa limetangulia maneno yako yote, hata likiwa la aibu.

Mimi naitwa Gaudensi, fundi mitambo wa Redio Mkandaa hapa Likombe, na kazi yangu ni kuhakikisha habari ya dakika mbili inabaki dakika mbili. Sasa mpe Somoe mzee wa Msimbati anayeilalamikia kamati ya maji. Badala ya maji tunapata kwanza, "Mimi huyo katibu ni shemeji yangu, kamuoa dada yangu, ila hatusalimiani tangu posa ya binti yao." Sekunde kumi na tano zimekwenda na bomba halijatajwa. Nilikuwa nakaa na vipokea sauti vyangu kichwani, nasonya peke yangu.

Halafu nina ugonjwa wa kutaka kujua. Mke wangu husema ningezaliwa mbuzi ningekufa kichwa kikiwa ndani ya ndoo ya jirani. Nikaanza kumchunguza Somoe.

Ni mtu wa Mikindani, kwao ni wauza samaki, na sauti yake watu waliijua kabla ya sura. Alianza kwa kujitolea kusoma matangazo ya vifo, mchana na jioni, akayasoma kwa upole mpaka watu wakawa wanaagiza kabisa: msiba wangu asome yule mama. Ni mrefu, hatua zake za haraka, na kinasa sauti chake hukivisha soksi ya mtoto kukikinga na vumbi la barabara ya Ziwani. Soksi yenyewe ya njano. Mwanawe aliyekuwa akiivaa sasa yuko kidato cha pili, lakini soksi ipo, na ukiichezea utayasikia.

Kwenye droo yake kulikuwa na bahasha ya kaki, ndani yake kadi ndogo ya kumbukumbu. Juu ya bahasha aliandika kwa kalamu nzito: Ziwani. Usifute. Usitoe. Siku moja alinikuta nimeishika. Nilikuwa nimeishika tu, naapa, nikiipima kwa kidole. Akaniuliza hapo nimesoma maneno mangapi. Nikamwambia matatu. Akasema yanatosha, akairudisha kwenye droo.

Nikaenda kwa Zulfa, meneja wetu. Zulfa ni mtu asiyependa kuzungushwa, ukimuuliza anajibu, lakini siku hiyo alikuna kichwa akasema nimuulize mwenyewe, maana yeye katika jambo lile alikuwa upande ambao mpaka leo hajui kama ulikuwa mbaya. Jibu la namna hiyo kwa mtu kama mimi ni sawa na kumwagia moto mafuta.

Nilikuja kuambiwa kwa kosa langu mwenyewe. Siku hiyo habari ilikuwa ndefu na taarifa ya saa saba ilikuwa mlangoni, nikalikata lile jibu la mwanzo. Mwanamke mmoja alikuwa akisema mganga wa zahanati yao ni mvivu; nilichokiondoa ni pale alipojitambulisha kuwa mtalaka wake. Ilipokwenda hewani Somoe alikuwa anakunywa chai. Aliweka kikombe chini, akaja, akafunga mlango wa studio, akavuta kiti. Nilitegemea matusi na nilikuwa tayari nayo. Akaniuliza kama nimewahi kuhudhuria msiba wenye watani.

Nimehudhuria, nani huku kwetu hajahudhuria? Watani ndio wenye msiba nusu nzima. Marehemu analiliwa na ndugu, na watani wanamsimanga. Watavaa kofia yake na kuigiza mwendo wake, watasema alikuwa mlafi na mwizi wa kuku, na wataingia kaburini wagome kutoka mpaka wapewe chochote. Hakuna anayekasirika. Kukasirika ndiyo fedheha.

Basi miaka minne iliyopita, kabla mimi sijaajiriwa, alifariki mkulima mmoja wa Ziwani aitwaye Constantino. Wazazi wake walivuka Ruvuma wakikimbia vita vya ng'ambo, wakapata ardhi, wakapanda korosho, na yeye akazaliwa hapahapa. Somoe alikuwa anaandaa kipindi cha mila za misiba, akaomba ruhusa kwa mjane, Laurinda, akaja na kinasa sauti chake. Laurinda aliitikia kwa kichwa tu. Alikuwa na siku ya pili hajatamka neno wala hajatia kitu mdomoni, na wanawake waliomzunguka walianza kuogopa.

Jeneza lilipofikishwa, mzee Osvaldo alikuwa tayari ameketi ndani ya kaburi. Ukoo wake na ukoo wa Constantino ni watani tangu ng'ambo. Alikuwa amevaa koti la marehemu, vifungo vimekataa tumboni, na alipaza sauti:

"Huyu hazikwi hapa. Huyu si ntu wa hapa. Kavushwa nto ndani ya tenga la kuku, hana cheti, hana karatasi. Nrudisheni kwao, Ruvuma haiko mbali."

Watu waliangua kicheko na machozi yao usoni. Kipindi kilirushwa Jumamosi, na Somoe akaweka maneno hayo, sekunde arobaini, kwa kuwa ndiyo yaliyokuwa matamu kuliko yote. Aliyatanguliza kwa sentensi moja kwamba tupo kwenye maziko ya Constantino wa Ziwani. Hakusema anayezungumza ni nani. Aliniambia wazo la kusema halikumpitia hata kidogo. Nani asingejua? Mtu yuko kaburini na koti la marehemu, atakuwa nani kama si mtani?

Ila redioni koti halionekani. Ndani ya wiki mbili Neusa, binti wa Constantino, alifika studio na barua mkononi. Alikuwa amemaliza uuguzi, jina lake limetoka kwenye orodha ya ajira, na alitakiwa kupeleka namba ya kitambulisho cha taifa kabla ya mwisho wa mwezi huo. Barua ilitoka ofisi moja mjini inayoshughulikia karatasi za watu. Ilisema kwamba kwa kuwa zimesikika taarifa redioni kuwa baba mzazi wa mwombaji hakuzaliwa nchini, ombi lake limesimamishwa mpaka alete uthibitisho.

Somoe alikiri kwangu kwamba alipoisoma, alicheka. Alidhani nayo ni utani. Neusa alisubiri amalize.

"Umemtangaza baba yangu mgeni, dada," akamwambia. "Na yeye hawezi kurudi akakujibu."

Neusa alipoondoka, Somoe alichukua kadi akasikiliza rekodi nzima. Baada ya zile sekunde arobaini kulikuwa na sauti nyingine. Ilikuwa ya Laurinda. Mjane aliyekuwa amenyamaza siku mbili aliinuka mkekani akajibu kwamba Osvaldo ni muongo, kwamba aliyevushwa ndani ya tenga ni yeye Osvaldo, amejinyea njia nzima, na kwamba Constantino kazaliwa Ziwani, mama mkwe wake alimwonyesha hata mkorosho aliomzalia chini yake. Kisha akacheka. Alicheka kwa nguvu mpaka kinasa sauti kikazidiwa, kikawa kinapasuapasua. Kama fundi nilielewa mara moja kwa nini Somoe alikikata kicheko hicho. Sauti iliyopasuka hairushwi, ndivyo tunavyofundishwa, na Somoe aliikata kwa ajili ya usafi, na jibu la Laurinda likaondoka nayo.

Zulfa aliposikia alisema dawa imepatikana. Kadi ipelekwe ofisini, afisa asikilize, Neusa apate namba yake. Kosa tumemfanyia Neusa, alisema, basi tulilipe kwa Neusa. Na mimi nilipokuwa nasimuliwa nilisema hivyohivyo. Somoe akaniangalia kama mwalimu anayemsubiri mtoto amalize kuhesabu vidole.

Kumbe alichokisema Laurinda kilikuwa kweli tupu. Osvaldo alivushwa akiwa mchanga. Hakuwa na cheti wala karatasi, alikuwa na shamba la mikorosho na wajukuu wanane. Alimtania rafiki yake kwa historia yake mwenyewe, na kijiji kizima kilijua, ndiyo maana kilicheka. Kadi ile ingemsafisha marehemu na kumweka Osvaldo mahali pake.

Somoe akaenda kwa Osvaldo kwanza. Alitaka kujua kama mzee anaweza kuandika maneno mawili tu, kwamba alikuwa anatania. Osvaldo alikataa. Alimweleza kwamba mtani haombi samahani, maana akisema alikuwa anatania, basi yale yamegeuka matusi, naye atakuwa amemtukana mtu kaburini. Somoe akamweleza habari ya kadi. Wajukuu walikuwa uani wanabangua korosho, mzee akawaangalia mmoja mmoja kama anayehakikisha wote wapo.

"Kama itamfaa binti," akasema, "itoeni."

Ruhusa ndiyo hiyo, nikamwambia Somoe. Mtu mzima ametamka mwenyewe, ungetaka nini zaidi? Akasema naye alijiuliza hivyo njia nzima ya kurudi, na soksi yake ya njano mapajani. Ruhusa ya mtu aliyebanwa ukutani ni ruhusa? Na hata kama ni ruhusa, nani aliyembana? Alipofika studio alimwambia Zulfa kadi haitoki.

Zulfa alifoka. Alisema Osvaldo amekubali, Neusa anaumia, Somoe anajifanya mtakatifu kwa gharama ya binti wa watu. Somoe akamjibu neno ambalo Zulfa mwenyewe alinisimulia baadaye, na bado lilikuwa linamsumbua.

"Osvaldo hakuongea na redio. Aliongea na Constantino. Sisi tulikuwa tunasikiliza tu."

Siku iliyofuata, kwenye saa ya matangazo ya vifo, saa ambayo hata wasiopenda redio huwasha, Somoe alisoma masahihisho. Alitaja jina lake. Alisema maneno yaliyosikika kwenye maziko ya Ziwani yalikuwa ya mtani, kwa desturi ya watani, hayakuwa taarifa juu ya uzawa wa marehemu, na kwamba yeye ndiye aliyeyakata na kuyatoa pasipo kusema ni ya nani. Hakumtaja Osvaldo. Kisha akaomba likizo akaenda kutafuta cheti cha ubatizo cha Constantino. Zulfa alimkumbusha kwamba yeye ni mwandishi, si karani wa Neusa. Aliijua hoja hiyo, akaenda hivyohivyo, na baada ya siku kumi na moja za kufunua vitabu vya parokia, vingine vimeliwa na mchwa, jina likaonekana: Constantino, amezaliwa Ziwani.

Afisa akakipokea cheti kwa adabu. Alikuwa kijana mpole, mgeni wa mkoa, mtu wa bara. Akasema masahihisho ameyasikia, cheti amekiona, lakini sauti ile nayo aliisikia kwa masikio yake, na angependa kuisikiliza yote. Somoe akasema rekodi hatatoa. Badala yake akamwambia arobaini ya marehemu ni Jumamosi ile, familia inamkaribisha, aje ajionee mwenyewe. Laurinda ndiye aliyetoa wazo hilo. Wakati huo siku ya mwisho ya Neusa ilikuwa imekwisha pita, na nafasi yake ilikwenda kwa mwingine.

Jumamosi afisa alikuja, viatu vinang'aa, akapewa kiti mbele. Osvaldo alikuwa ameambiwa na kila mtu akae shambani. Nilipomuuliza mzee kwa nini hakukaa, alinishangaa. Mtani gani anakosa arobaini? Alitokea nyuma ya jiko na lilelile koti, akakwapua sahani ya kwanza ya wali, akatangaza kwamba marehemu amemtokea ndotoni kulalamika kuwa mchele ni wa kuazima, na isitoshe huko aliko wamemkataa, hana karatasi. Somoe anasema aliinamisha kichwa. Hakuna aliyethubutu kucheka. Wote walikuwa wanakiangalia kile kiti cha mbele.

Afisa alimtazama Osvaldo, akamuuliza taratibu, "Mzee, samahani. Wewe kwake ni nani?"

"Ntani wake," Osvaldo akasema.

Afisa akacheka. Alicheka kwanza kidogo, halafu kwa kweli, akasema kwao watani waliwahi kumfungia baba yake mdogo nje ya nyumba yake mwenyewe siku ya msiba. Ndipo watu wakapumua, na Laurinda akamwambia Osvaldo arudishe sahani. Baadaye, akiwa anaondoka, afisa alimgeukia Somoe. Hakuwa na hasira. Alikuwa na mshangao wa kweli, na Somoe anasema hasira ingekuwa nafuu.

"Ni neno moja tu, dada. Mbona hamkulisema?"

Swali nililokuwa nalisonyea miaka miwili nikidhani ni la Somoe, kumbe ni la yule afisa. Somoe alilikuta mdomoni mwa mtu mwingine, katika siku aliyoona aibu kuliko zote, akalibeba. Lipo jambo moja ambalo mpaka leo hajalijua, nalo hunikaa kichwani: kwa nini afisa hakumuuliza Osvaldo yeye kazaliwa wapi? Alikuwa amekaa hatua tatu kutoka kwake na sahani ya wali mapajani. Huenda halikumjia, na huenda lilimjia.

Neusa alipata kitambulisho miezi mitatu baadaye, na ajira mwaka uliofuata, zahanati ya upande wa Msimbati. Hakumtukana Somoe wala hakumsalimu. Zahanati nzima ilihojiwa na redio yetu mara mbili, na mara zote mbili alikuwa na kazi nyingi chumba cha nyuma. Mzee Osvaldo naye alianza safari za ofisini kwa miguu yake, hakusukumwa na mtu, na mwaka jana karatasi zake zilitoka. Ni yeye aliyeniruhusu niyaandike haya. Nilimuuliza mara mbili, siku mbili tofauti, akiwa ameshiba.

Juni hii Laurinda alifariki. Aliyekuja kuleta tangazo ni Neusa.

Niliwaona kupitia kioo cha studio. Somoe alivua soksi, akaweka kinasa sauti mezani, na mkono wake ukasimama juu ya kitufe. Nilisubiri lile swali. Halikuja. Neusa akainua macho.

"Mbona huniulizi?" akasema. "Wote si unawauliza?"

Somoe akauliza, "Wewe kwake ni nani?"

"Mtoto wake wa kwanza."

Neusa akasoma tangazo mwenyewe, sauti haikutetemeka mpaka kwenye jina la kijiji. Walipomaliza alisema hana rekodi ya mama yake popote. Kwenye simu yake zimo picha tu, na picha zenyewe mama yake alikuwa akikaza uso. Somoe akatoka nje, nikamsikia anapiga simu, anamwamkia mzee Osvaldo, anampa pole, anamwambia Neusa yuko hapa na ile kadi ipo. Alirudi huku anajifuta macho na anacheka.

"Mzee anasema upewe," akamwambia Neusa. "Na anasema nikukumbushe, siku ile aliyeongopa ni mama yako."

Akafungua droo, akanipa bahasha. Miaka miwili nilikuwa naitamani, na sasa vidole vilikuwa vizito. Nikaweka kadi. Tukamsikia Osvaldo na tenga lake la kuku, tukawasikia watu, halafu sauti ya Laurinda ikainuka mkekani, na kicheko chake kikaja, kikajaa, kikaanza kupasua spika. Mkono wangu ukaenda wenyewe kupunguza, ndiyo kazi yangu.

"Iache," Neusa akasema.

Nikaiacha.